MATUMIZI YA CHAKULA, NDANI YA NYUMBA NA NJE YAKE

Mtu wa mji wetu huu wa Mombasa akiulizwa mshahara wake wa mwezi umekwenda wapi, kwanza hutaja kodi ya nyumba, khalafu karo za watoto, khalafu umeme na maji. Chakula hukitaja mwisho, na akikitaja husema: "na vijipesa vya kula." Lakini akikaa na kalamu akapiga hesabu kwa uaminifu, aghlabu huona kuwa vijipesa hivyo ndivyo vilivyopita yote aliyoyataja mwanzo. Wala jambo hili si la kwetu peke yetu. Mwaka 1857 mtaalamu wa takwimu wa Kijerumani, Ernst Engel, alichunguza hesabu za matumizi ya jamaa za wafanyakazi wa Ubelgiji, akaona kanuni ambayo mpaka leo yajulikana kwa jina lake: kadiri nyumba inavyokuwa maskini, ndivyo fungu la pato lake linalokwenda katika chakula linavyozidi kuwa kubwa. Serikali yetu nayo, inapopima kupanda kwa bei za vitu, huhesabu chakula kuwa ni karibu thuluthi ya matumizi ya raia. Na huo ni wastani wa nchi nzima, matajiri wamo ndani yake. Katika nyumba ya kibarua wa Majengo au Kisauni fungu hilo hapana shaka ni kubwa zaidi.

Katika somo hili hatukusudii kuwaambia watu wale kidogo. Watoto wa mji huu hawahitaji kupunguziwa chakula. Wengi wao wahitaji kuongezewa. Tunalokusudia ni kuonyesha pesa za chakula zinatokea mlango gani bila ya kuonekana, na ni haki ya nani zinapotoka.

Tuchukue mfano wa mtu mmoja mwenye mke, watoto wanne na mama yake mzazi. Bei tutakazozitaja ni za kukadiria tu, kila msomaji atie zake. Asubuhi hutoka nyumbani hajala kitu, akapita kibandani akanywa chai kwa mahamri na mbaazi: shilingi 100. Mchana huingia hotelini akala sahani ya pilau: shilingi 250. Jioni, kabla ya kurejea, hukaa na wenzake akala viazi karai na mishkaki miwili: shilingi 100. Jumla ni shilingi 450 kwa siku, na katika siku 26 za kazi ni shilingi 11,700. Mtu huyu hajioni kuwa ni mbadhirifu hata kidogo, maana hakuna siku aliyokula kitu cha ajabu. Sasa tutazame nyumbani. Kila asubuhi humwachia mkewe shilingi 400 za matumizi ya jikoni, nazo kwa siku 30 ni shilingi 12,000. Kwa hivyo kinywa kimoja nje ya nyumba chala karibu sawa na vinywa sita ndani yake, na usiku mwenye kinywa hicho hurejea akauliza kwa nini mchuzi leo hauna nyama!

Hapa ndipo jambo lenyewe lilipo. Chakula cha mke na watoto ni wajibu wa mume. Hilo hata mtoto wa chuoni alijua. Wengi wetu hudhani kuwa wajibu huo umetimia ilimradi pesa za matumizi zimeachwa juu ya meza. Lakini pesa za hotelini zatoka mfuko ule ule, tena hutoka kwanza, kabla ya chungu cha nyumbani kupata sehemu yake, wala haziandikwi popote. Maisha yanapopanda, kama yalivyopanda mwaka 2022 hata pakiti ya unga wa mahindi ya kilo 2 ikapita shilingi 200, na serikali ikalazimika mwezi wa Julai kuishusha kwa muda mpaka shilingi 100, mtu wa kwanza kuambiwa abane matumizi ni mke. Nyama hukatwa, maziwa ya watoto hutiwa maji, nazi mbili huwa moja. Sahani ya pilau ya hotelini haikatwi, kwa kuwa haimo katika hesabu. Basi mwenye kutaka kuweka akiba aanze pale ambapo hajawahi kutazama, asianze katika sahani ya mtoto.

Dawa ya kwanza ni daftari. Twasema mwezi mmoja tu, maana mtu akiambiwa aandike maisha yake yote hataandika hata wiki. Katika mwezi huo mume aandike kila alichokila nje, mpaka ile sambusa moja ya njiani, na mke aandike kila kilichonunuliwa cha ndani. Zama hizi kazi hiyo imekuwa nyepesi zaidi, kwa kuwa wengi hulipa kwa simu, na mwenye kutumia simu aweza kuomba taarifa ya malipo yake ya mwezi mzima akaisoma mstari kwa mstari. Simu hiyo hiyo ndiyo iliyoufanya mkono uwe mwepesi. Noti ya 500 ikitoka mfukoni mtu huiona inakwenda. Namba ikipungua haimuumi. Na baya kuliko hilo ni mtu kula chakula cha mchana kwa mkopo wa simu, akailipia pilau ya Jumatatu ada mpaka Ijumaa.

Mwezi ukisha, mume na mke wakae pamoja, wajumlishe ya nje mbali na ya ndani mbali. Na tunasihi kwamba daftari hili lisigeuzwe fimbo. Kuna waume waliolisikia jambo la daftari wakalikimbilia kwa furaha, ili wapate kuwauliza wake zao bizari ya shilingi 20 imekwenda wapi. Mwenye nia hiyo ni bora aliache.

Kikapu cha ndani na sahani ya nje zikishaonekana, kwa wengi jambo kubwa ni chakula cha mchana cha kazini. Mtu atasema: kazi yangu ni bandarini, au Changamwe, au ng'ambo ya Likoni, vipi nitarudi kula nyumbani? Hatumwambii arudi. Twamwambia achukue. Wali na mchuzi uliopikwa usiku kwa watu saba, ukizidishwa sahani moja, hauzidi gharama kama sahani ya saba iliyonunuliwa hotelini, kwa kuwa moto ni ule ule, chungu ni kile kile na mpishi ni yule yule. Tuseme sahani hiyo ya ziyada yagharimu shilingi 80 badala ya 250. Akichukua chakula siku 18 katika zile 26, na siku nane zilizosalia ale na wenzake hotelini kama kawaida, atakuwa amebakisha shilingi 3,060 kwa mwezi, nazo kwa mwaka ni shilingi 36,720. Hazimfanyi mtu tajiri, lakini katika nyumba nyingi za mji huu ni karo ya mtoto.

Linalowazuia wengi si uzito wa hotipoti bali ni aibu. Mwanamume mzima, na shati lake limepigwa pasi, aonekane amebeba chakula kama mwanafunzi! Aibu hii haina asili. Mvuvi wa pwani yetu haingii baharini bila ya chakula chake na maji yake, wala hakuna aliyemcheka. Mwalimu, karani na fundi wana haja gani ya kuwa na aibu ambayo mvuvi hana? Aibu yenye kustahiki jina hilo ni kukwepa kupita mbele ya duka la mtaani kwa sababu ya deni la sukari.

Katika safari hiyo ya mchana vinywaji navyo vitazamwe. Soda ya shilingi 50 kila siku ni shilingi 1,300 kwa siku 26, nayo haishibishi, tena yazidisha sukari mwilini katika mji ambao kila ukoo una mgonjwa wa kisukari. Maji ya nyumbani yaliyochemshwa katika chupa hayana gharama ila ya kukumbuka. Kikombe cha kahawa tungu cha barazani hatukiingizi katika hesabu hii. Hicho bei yake ni ndogo, na mazungumzo yake mtu hayapati nyumbani.

Lipo na jambo la kodi, ambalo wengi hawaliangalii. Katika hoteli iliyosajiliwa, asilimia 16 ya kodi ya ongezeko la thamani hutiwa juu ya bei ya chakula; risiti ikisema shilingi 1,160, basi 160 ni za serikali. Samaki mbichi, mchicha, ndizi na mihogo ya sokoni haina kodi hiyo. Mkate wa kawaida nao hautozwi. Mwaka 2024 Mswada wa Fedha ulitaka kuutoza asilimia hizo 16, watu wakapiga kelele, na pendekezo hilo likaondolewa mwezi wa Juni kabla ya mswada wenyewe kukataliwa sahihi. Watu waliukasirikia mswada ule, na walikuwa na haki. Lakini mtu aliyeukasirikia kwa ajili ya mkate, khalafu kila Jumamosi akaagiza kuku na chipsi kwa simu, akalipa bei ya chakula na kodi yake na nauli ya mwenye pikipiki, ajiulize ni ipi kati ya hizo aliyotozwa kwa nguvu.

Baada ya kusema haya twaogopa kufahamika vibaya, kwa hivyo twasema wazi: si kila chakula cha kununua ni israfu. Wale akina mama wanaokaanga mahamri alfajiri na wanaosukuma chapati magharibi ni majirani zetu, na pesa zile zarudi mtaani petu zikalipia kodi na karo za wenzetu. Tena kuna wakati kununua ni hesabu sahihi kabisa. Mtu akaaye peke yake akitaka kujipikia mbaazi za nazi, atatumia moto wa saa nzima na nazi nzima kwa bakuli moja. Huyo kibandani kwamfaa zaidi. Na siku hizi wake wengi nao hufanya kazi nje, hurejea pamoja na adhana ya magharibi. Tuseme nyumba yataka chapati 12. Za kununua kwa shilingi 20 ni shilingi 240. Za kupika ni kilo moja ya unga, mafuta na moto, tuseme shilingi 170. Tofauti ni shilingi 70, nayo hulipwa kwa saa nzima na zaidi ya kukanda, kusukuma na kuchoma, kazi ya mtu aliyesimama tangu asubuhi. Nani atamlaumu mama huyo akimwachia jirani shilingi 70 akapata kuketi na wanawe? Sisi hatumlaumu. Mume atakayemlaumu, njia ya kuziokoa shilingi hizo iko wazi kwake: naye ana mikono miwili.

Lakini ndani ya nyumba uko mlango mwingine upotezao pesa, nao ni kununua kwa vipimo vidogo. Sukari robo, mafuta ya kupimiwa, majani ya chai ya pakiti ya shilingi kumi, nyanya mbili, kitunguu kimoja. Mwenye duka hapati bure kazi ya kupima mara nne, na karatasi nne, na punje zinazomwagika. Kwa hivyo huziweka gharama hizo katika bei. Kilo ya sukari ikiwa shilingi 160 na robo yake ikiuzwa 45, mnunuzi wa robo hulipa 180 kwa kilo ile ile. Ziyada ya shilingi 20 si kitu kwa siku moja. Lakini ziyada kama hiyo imo katika mchele, katika unga, katika mafuta, katika sabuni, na hulipwa na yule tu asiyekuwa na pesa nyingi kwa mara moja. Tajiri hununua gunia kwa bei nafuu. Maskini hununua kibaba kwa bei ghali.

Kumwambia kibarua anayelipwa kila jioni "nunua gunia" ni maneno matupu. Atalipata wapi? Ila dawa yake watu wetu wanayo zamani, nayo ni mchezo. Akina mama wa mtaa mmoja huchangishana pesa kila wiki akapokea mmoja kwa zamu, na zamu hizo aghlabu huishia katika vyombo na nguo za sikukuu. Ikiwa nyumba tano hivi zitatoa sehemu ya mchezo wao kwa ajili ya kununua gunia moja la mchele au la maharagwe kwa pamoja, wakaligawa kwa pishi mlangoni pa mmoja wao, zote tano zitakuwa zimenunua kwa bei ya tajiri bila ya mmoja wao kuwa tajiri. Kipimo chenyewe si kigeni. Kila mwisho wa Ramadhani twatoa fitri kwa pishi, na mtoto ajua kuwa pishi ni vibaba vine. Mboga na matunda ni vivyo hivyo. Mwenye kufika soko la Kongowea asubuhi mapema, wakati malori yanashusha, hununua kwa bei ambayo mchana haioni tena Marikiti wala mtaani kwake. Nauli ya kwenda huko kwa mtu mmoja pengine italila faida yote. Watu wanne wakimtuma mmoja, italipika.

Wala si kila kitu chafaa kununuliwa kwa wingi. Hewa yetu ya pwani ni ya unyevu. Unga hushikwa na fukusi, nyanya huoza kwa siku tatu, na karanga au mahindi yaliyopata unyevu huota kuvu ambayo sumu yake si ya mzaha. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu ya namna hiyo yaliua watu 125 katika Ukambani na sehemu za jirani. Bei rahisi ya mahindi yaliyobadilika rangi ni ghali kuliko zote. Na wako wengine ambao wakiona debe la mafuta limejaa hukaanga kila kitu; kwa hao ni bora chupa ndogo.

Kisha liko deni la dukani. Daftari la mwenye duka ni rehema siku ya dhiki, na wengi tumelelewa nalo. Ila mwenye deni hachagui duka, wala hasemezani bei, wala hakatai mchele uliochanganyika na mawe. Kila mwezi hulipa la nyuma kwa pesa za mbele, na hilo la mbele huanza tena siku ile ile. Mwenye kubakisha zile shilingi 3,060 tulizozitaja, kabla ya kufikiri kitu kingine chochote azipeleke huko mpaka ukurasa wake ufutwe. Baada ya hapo atashangaa kuona bei za mji zimeshuka, kwa kuwa sasa ana miguu ya kuondokea.

Katika mapishi yenyewe sisi si wa kuwafundisha mama zetu, tutataja machache tu. Samaki ana misimu yake. Wakati wa kaskazi bahari hutulia, wavuvi hutoka na samaki huwa wengi. Kusi likivuma, bahari huchafuka na bei hupanda. Anayetaka changu kila siku katika mwezi wa Juni hulipia upepo. Msimu huo kunde, mbaazi, pojo na maharagwe ndiyo yenye kuokoa nyumba, na mtu asidhani kuwa amewanyima watoto. Wataalamu wa lishe wameeleza kuwa kitu ambacho wali na mahindi vimepungukiwa nacho katika kujenga mwili kimo kwa wingi katika jamii ya kunde, na kilichopunguka katika kunde kimo katika nafaka. Bibi zetu hawakusoma hayo, lakini walipika wali na kunde za nazi pamoja, na mahamri wakayaweka karibu ya mbaazi.

Moto nao ni pesa. Maharagwe yaliyorowekwa tangu usiku huiva upesi kuliko makavu, na chungu kilichofunikwa hakipotezi moto. Jiko la makaa lenye udongo ndani, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980 na kitu, hutumia makaa machache mno kuliko jiko la bati tupu. Na wapo wanaochemsha wali au maharagwe yaliyokaribia kuiva, wakakitia chungu ndani ya kapu lililozungushiwa matambara na kufunikwa barabara. Kikaendelea kujipika bila ya moto. Hiyo haihitaji fundi wala duka.

Limesalia jambo la Ramadhani, na si rahisi kulipita. Mwezi ambao milo hupungua mpaka miwili, gharama ya chakula huzidi miezi yote! Sababu yake kubwa ni saa ya kununua. Mtu mwenye njaa tangu alfajiri akipita njiani baada ya alasiri, akute sambusa, kaimati, mkate wa kumimina, viazi vya rojo na maji ya matunda vimepangwa, hununua kwa macho. Nyumbani nako kumeshapikwa muhogo wa nazi, tambi na uji. Baada ya tende tatu na bakuli la uji hamu imekwisha, na nusu ya vile hulala mezani, na asubuhi hutupwa. Makatazo ya israfu yajulikana na kila mmoja, hatuna haja ya kuyaletea dalili. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yako hapa hapa Nairobi, lilikisia kuwa mwaka 2022 dunia ilitupa tani milioni 1,050 za chakula, na kwamba asilimia 60 ya hizo zilitupwa majumbani, si mahotelini wala madukani. Kwa hivyo tusiwanyooshee wenye mahoteli kidole peke yao. Twashauri kila nyumba ikubaliane tangu asubuhi futari itakuwa vitu gani vitatu, na mnunuzi atoke kabla ya njaa kumshika, ana orodha mkononi. Mwenye kutamani kaimati za mama fulani na anunue, lakini siku hiyo tambi zisipikwe.

Na kwa kuwa tumetaja kinachobaki, twamalizia na kiporo. Kukihifadhi ni akiba njema, ila kina masharti yake. Shirika la Afya Duniani hushauri chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa mbili, na joto letu la Mombasa halisamehi. Wali wa futari ambao utaliwa daku upakuliwe mapema katika chombo kipana upoe upesi, kisha utiwe friji, na wakati wa kula upashwe mpaka utoe mvuke. Mchuzi wa nazi ndio wa kuangaliwa zaidi, kwani tui huchacha upesi. Asiye na friji asipike cha kubaki. Apime mchele kwa kikombe kimoja kila siku mpaka ajue nyumba yake hula vikombe vingapi, na wali uliokwisha kulala nje usiku kucha asijaribu kuuokoa kwa kuupasha moto, maana iko sumu inayozaliwa ndani ya wali wa namna hiyo ambayo moto hauiondoi.